Kawia Ufike: Mwongozo wa Kuzurura Visiwa vya Mikronesia kwa Mtu Asiye na Haraka

Kitu cha kwanza cha kununua ni saa. Nunua nzuri, isiyoingia maji, yenye mshale wa sekunde. Mtu asiye na saa hachelewi. Hukawia tu kama watu wengine, na safari utakayoigharamia kwa akiba ya miaka haiwezi kuwa ya kukawia kama watu wengine. Ni lazima ujue umechelewa kwa muda gani, ili ukirudi nyumbani useme kwa fahari: "Meli ilikawia siku tisa, na mimi wala sikujali."

Kitu cha pili ni kuchagua bahari. Ya Hindi haifai. Unaijua, nayo inakujua. Ukikaa ufukweni siku tatu bila shughuli atatokea shangazi yako akuulize kama umeachishwa kazi. Nenda Pasifiki, ambako huna shangazi. Tahiti waachie walio kwenye fungate, Fiji waachie wacheza raga. Wewe shika njia ya Shirikisho la Mikronesia, nchi ambayo ukiitaja kwenye harusi nusu ya meza itadhani ni ugonjwa, na nusu nyingine itadhani ni kampuni ya kompyuta.

Nchi hiyo ina visiwa 607, vimegawanywa katika majimbo manne: Kosrae, Pohnpei, Chuuk na Yap. Ardhi yake yote ni kilomita za mraba 702, na Pemba peke yake inaizidi. Ila imetandazwa kutoka mashariki hadi magharibi umbali wa kilomita kama 2,700. Chukua kashata, ivunje vipande 607, virushe kuanzia Dar es Salaam hadi Kinshasa, kisha palipobaki pote pajaze maji. Hapo ndipo utakapozurura, pole pole. Neno hilo, nikukumbushe, tuliliuza sisi kwa watalii hadi likaandikwa kwenye fulana. Sasa ni zamu yetu kwenda kulinunua kwa wengine, tena kwa dola, maana huko hutumika dola ya Marekani.

Viza. Shirikisho lenyewe halina neno: mgeni wa matembezi hupewa siku 30 bila viza, mradi aoneshe tiketi ya kuondokea. Mwenye nyumba kakufungulia mlango na mkeka kautandika. Tatizo ni uchochoro. Njia iliyozoeleka huingilia Honolulu upande mmoja au Guam upande wa pili, na kote huko ni Marekani, ambako abiria hapiti uwanjani kimya kimya. Hata kama nia yako ni kukalia kiti cha chuma saa mbili ukingoja ndege nyingine, sharti uwe na viza yao. Kwa hiyo mwanzo wa safari isiyo na haraka ni foleni, na mwisho wa foleni kuna mtu anayeuliza swali lisilo na jibu: unakwenda kufanya nini Kosrae?

Hapa inanibidi niseme ukweli kidogo. Mimi mwenyewe sijafika. Fomu yangu ina mwaka wa sita kwenye droo. Nimejaza jina, jina la baba na jina la mama. Nimekwama kwenye kipengele kinachotaka tarehe ya kuwasili, kwa sababu kwa safari ya namna hii naona kutaja tarehe ni haraka. Baadhi ya wenzangu wanasema mtu asiyefika hawezi kuandika mwongozo. Nawajibu kwamba katika fani ya kusafiri bila haraka mimi ndiye niliyebobea kuliko wote, na waliofika ni wale walioshindwa kujizuia.

Tuendelee. Ukishapata viza panda ndege ya United inayotoka Honolulu kwenda Guam kwa kugusa Majuro, Kwajalein, Kosrae, Pohnpei na Chuuk. Kwa lugha yetu ni daladala. Inatua, inashusha, inapakia, inaruka tena, na safari nzima hula kama siku ya kazi mara mbili. Tofauti yake na ya Mbagala ni kwamba hakuna anayening'inia mlangoni, na ndani yake husafiri fundi na vipuri vyake, kama lori la masafa linavyosafiri na utingo, kwa sababu ikigoma katikati ya bahari hakuna gereji ya jirani.

Vituo viwili vya kwanza ni vya nchi nyingine, Visiwa vya Marshall. Kwajalein utafika lakini hutaigusa: ni kambi ya jeshi la Marekani ya kujaribia makombora, na anayeteremka ni mwenye kibali. Wewe kaa kitini, kamera mfukoni. Kaskazini ya hapo kuna Bikini, ambako Marekani ililipua mabomu 23 ya nyuklia kati ya 1946 na 1958, na wenyeji wake walioombwa wapishe kwa muda mfupi hadi leo hawaishi huko. Sijui kama hao nao wahesabiwe miongoni mwa wasafiri wasio na haraka.

Njiani pia utavuka mstari wa kubadilisha tarehe. Uliondoka Jumatatu, unafika Jumanne, na katikati hapakuwa na usiku. Siku nzima imeliwa, nawe hukupata hata nafasi ya kuipoteza mwenyewe.

Kosrae ifikie Jumamosi jioni, kwa makusudi. Jumapili kisiwa kizima ni kanisa. Maduka hufungwa, boti hufungwa, bia ni haramu, na anayekwenda kuogelea hutazamwa kwa jicho ambalo mtu aliyelelewa mtaa wenye madrasa atalitambua mara moja. Mtalii aliyevuka nusu ya dunia kutafuta mahali pa kutofanya kitu huanza kulalamika saa nne asubuhi kwamba hakuna cha kufanya. Ukijiona unaanza kulalamika, angalia saa yako, andika dakika, utapata kumbukumbu nzuri.

Pohnpei inataka muda. Kabla ya yote chukua mwavuli, halafu uache chumbani, kwa sababu hautakusaidia. Mjini hunyesha zaidi ya milimita 4,500 kwa mwaka, kama mara nne ya Dar es Salaam, na milimani hunyesha zaidi ya hapo. Mji wenyewe unaitwa Kolonia. Ndiyo, maana yake ni hiyo hiyo unayoifikiria. Jina limetokana na neno la Wahispania. Na uwe macho, kwa sababu mji mkuu wa Yap, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000, nao unaitwa Colonia, kwa C. Mabegi hayajui kusoma.

Hapo Pohnpei utakutana na kiazi kikuu. Kile kile tunachokipika kwa tui mwezi wa Ramadhani, lakini cha kwetu ni kitoto. Mwanamume wa Pohnpei hukipanda mahali pa siri na kukihudumia bila jirani kujua, na kinaweza kubaki ardhini miaka kadhaa kikinenepa. Siku ya karamu ya chifu mkuu, aitwaye nahnmwarki, ndipo hutokezwa, kimefungwa kwenye mti na kubebwa mabegani na wanaume wengi kama jeneza la tajiri. Heshima ya mtu hupanda kwa kiazi. Na sasa adabu: usikikazie macho kiazi cha mwenzio, usiulize anavyo vingapi, wala usipige yowe. Mwenye nacho atasema ni kidogo tu, hakikukua vizuri mwaka huu. Wewe itikia kwa huzuni. Kwa mtu aliyezoea kutupia mtandaoni picha ya chipsi kabla hazijapoa, hili ni zoezi gumu kuliko kupanda mlima.

Jioni utakaribishwa sakau. Wanaume huketi kuzunguka jiwe bapa na kuponda mizizi ya mmea wa jamii ya pilipili manga, na jiwe hulia kama kengele, kwa mpigo. Mizizi iliyopondwa hufungwa ndani ya magome laini ya mti, hukamuliwa, na kinachotoka ni uji wa matope unaovutika. Kifuu cha kwanza ni cha mkubwa kuliko wote. Chako kikifika fumba macho unywe; ndiyo desturi, na ukikitazama utaelewa sababu. Ulimi hufa ganzi, kisha midomo, kisha hamu ya kwenda popote. Kifuu cha tatu kimeshawatibu haraka watu ambao semina za kupunguza msongo wa mawazo ziliwashinda.

Asubuhi yake, ukiweza kusimama, nenda Nan Madol. Angalia maji kwanza, kwa sababu boti huingia maji yakijaa, na ukikosea utakaa humo hadi bamvua ikuhurumie. Ni mji uliojengwa juu ya mwamba wa bahari: visiwa vya kutengenezwa kwa mikono vinavyokaribia 100, kuta za magogo ya mawe meusi ya volkano yaliyopangwa kama kuni, na mifereji katikati. Ulikuwa makao ya watawala walioitwa Saudeleur, na kazi kubwa ya ujenzi wa mawe ilishika kasi yapata mwaka 1200, wakati ambapo Kilwa nasi tulikuwa tunachonga matumbawe. Wenyeji wanasimulia kwamba ndugu wawili pacha, waganga, waliyarusha mawe hewani kwa uganga. Wataalamu wanapendekeza vyelezo na jasho. Mimi niko upande wa pacha, maana hesabu ya tani laki saba na nusu kwa vyelezo inanichosha hata kuisoma.

UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016, na siku hizo hizo ikauingiza kwenye orodha ya ulio hatarini, kwa sababu ya mikoko na tope. Usiwasikitikie kwa sauti kubwa. Kilwa Kisiwani ilikaa kwenye orodha hiyo hiyo kuanzia 2004 hadi 2014, wodi tunaijua. Na jua likianza kushuka ondoka. Wenyeji hawapendi usiku uwakute humo, na mtu wa pwani haulizi kwa nini.

Kabla hujaiaga Pohnpei, simama Kolonia mbele ya kaburi la waasi wa kisiwa cha Sokehs, kwa sababu hapo kuna ndugu zetu wa biashara. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ajili ya pwani ya Tanganyika, pamoja na Mafia, kisiwa changu. Miaka tisa baadaye waliilipa Hispania peseta milioni 25 kwa ajili ya visiwa vya Karolina, ambavyo ndivyo hivi, pamoja na Palau na sehemu kubwa ya Mariana. Sisi na wao tuliwahi kuwa mali ya Kaiser mmoja, na nakiri kwamba bei yao iliniuma kidogo. Kaiser huyo alikuwa mtu wa haraka. Kwetu alitaka pamba, ikaja Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Kwao alitaka barabara, na Oktoba 1910 watu wa Sokehs, wamechoka kujengeshwa kwa viboko, wakamuua mkuu wa wilaya. Manowari zikaja. Februari 1911 viongozi wa uasi walipigwa risasi, na jamii yao yote, wake kwa watoto, ikahamishwa kutoka kisiwani kwao. Barabara hiyo leo ni nzuri kwa matembezi ya jioni.

Chuuk nitaipita haraka, samahani kwa neno hilo. Ni ya wapiga mbizi: Februari 1944, kwa siku mbili, ndege za Marekani zilizamisha humo meli za Wajapani zaidi ya 40, na zimelala chini na vifaru na vikombe vyake vya chai. Kama hupigi mbizi utakaa ufukweni ukisimuliwa na wanaopiga, na hakuna umbali unaoweza kukuokoa na masimulizi yao.

Sasa Yap. Begi lako la Yap liwe na kikoi, na kama ni mwanamke, kanga doti mbili. Huko paja ndilo aibu. Kifua si hoja. Kaptula iliyopita viwanja vinne vya ndege bila swali itaulizwa hapa. Ukiingia kijijini omba ruhusa, kisha tembea na jani bichi mkononi kuonesha kwamba umekuja kwa amani. Kila mtu mzima utamkuta na kikapu chake, na ndani ya kikapu, hebu kisia: popoo, jani la tambuu na chokaa. Uraibu ule ule wa bibi zetu, ule ule wa sahani ya shaba iliyokaa uvunguni. Ni mahali pekee katika safari yote ambapo utatema mate mekundu na kujisikia uko nyumbani.

Halafu kuna pesa. Umezisikia: mawe ya duara yenye tundu katikati, yaitwayo rai, mengine marefu kuliko mlango wa nyumba yako na uzito wa tani kadhaa. Yalichongwa Palau, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo, yakavushwa kwa mitumbwi, na watu walikufa wakiyavusha. Jiwe likibadilisha mwenyewe halihami. Watu wanajua tu kwamba sasa ni la fulani. Kuna lililozama njiani zamani, na walioshuhudia walipolieleza, wenye nalo waliendelea kuhesabiwa matajiri ingawa lilikuwa sakafuni mwa bahari. Msomaji mwenye M-Pesa asicheke. Na wewe pesa yako hujaiona.

Kisa ninachokipenda ni cha nahodha David O'Keefe, aliyefika Yap miaka ya 1870 akitokea Marekani. Aliona watu wanateseka na mitumbwi, akaleta merikebu na zana za chuma, akawapeleka Palau na kuwarudisha na mawe makubwa kuliko ya mababu, kwa malipo ya mbata na majongoo bahari. Mawe yakafurika. Wayap wakayatazama, wakayapokea, wakayapangia bei ya chini: yamekuja kirahisi, hakuna aliyekufa. Wale mawakala wa utalii wanaouza visiwa saba kwa siku tano wangefaa kupitishwa hapo kabla ya kupewa leseni.

Wajerumani nao, walipoinunua Yap, walitaka barabara, kama kawaida yao. Wayap hawakuziona hizo barabara zina faida gani kwa mtu anayekwenda kwa miguu. Ikatumwa rangi: afisa akazunguka akichora misalaba myeusi kwenye mawe ya thamani, kwamba yamechukuliwa na serikali. Jiwe liko pale pale uani, halijasogea hata inchi, lakini mwenyewe ameshakuwa maskini. Barabara zikatengenezwa upesi, misalaba ikafutwa, watu wakatajirika tena. Nchini kwetu walituma askari na kodi ya nyumba. Kule ndoo ya rangi ilitosha. Nadhani ile tofauti ya bei ndiyo ilikwenda huko.

Yote hayo lakini ni utangulizi. Anayejigamba kuzurura visiwa hana budi kwenda visiwa vya nje, kule mashariki ya Yap: Ulithi, Fais, Woleai, Ifalik, Lamotrek, Satawal. Huko haendi mtu kwa kutaka tu. Visiwa vina baraza la machifu wao, na ruhusa huombwa kwanza. Ulithi, Fais na Woleai huweza kufikiwa na kindege kidogo, lakini wewe huna haraka, wewe ni mtu wa meli. Meli ya serikali hubeba mchele, petroli, wanafunzi, wagonjwa na barua, hurudi na mbata, na mzunguko mmoja hula wiki kadhaa. Abiria hulala sitahani juu ya mikeka, kwa hiyo chukua mkeka. Ratiba ipo. Hubadilika kukiwa na mgonjwa wa kukimbiza, au injini, au mafuta, au msiba. Ukiambiwa itaondoka saa tatu, usianze kubishana kama ni saa tatu ya kwetu au ya kizungu. Makosa ya saa sita hayaonekani ndani ya makosa ya siku sita.

Na hapo ndipo saa yako itakapofanya kazi. Utaketi gatini, utalifungua daftari, utaandika kuhusu utulivu. Utaandika kwamba watu wa hapa wamejaliwa subira ambayo sisi wa mjini tumeipoteza.

Najua utaandika hivyo kwa sababu mimi nimeandikwa. Kwetu Mafia boti hutokea Nyamisati, bara, kuja Kilindoni, na kuna siku haiji: upepo wa kusi, au maji hayajajaa, au injini. Nyamisati siku moja ya namna hiyo nilikaa karibu na wageni wanne waliokuwa wakija kumwona papa potwe. Walivua viatu. Walilala juu ya mabegi yao, wakasema kwa raha kwamba hapa hatimaye hakuna anayekimbizana na muda, na mmoja wao akaniomba nimfundishe kutamka pole pole. Hatua tatu kutoka hapo mama mmoja alikuwa na ndoo zake mbili za dagaa zilizotakiwa kuwa Kilindoni alfajiri, na kila nusu saa alifunua kifuniko, akatazama barafu, akafunika. Kulikuwa na kijana aliyembeba mkewe mwenye mimba kwa pikipiki mpaka gatini. Yule binti alikuwa amesimama, hakutaka kukaa. Mgeni akapiga picha ya gati, nzuri sana, bahari imetulia kama kioo. Nimo kwenye picha hiyo. Bila shaka naonekana mtu mwenye subira.

Basi, ushauri wa sitahani. Ulithi ikitokea mbele, usiseme "haijaguswa." Mwanzoni mwa 1945 maji yaliyozungukwa na visiwa vyake yalijaa meli za jeshi la Marekani zaidi ya 600 kwa wakati mmoja, nanga kwa nanga, zikijiandaa kwenda Japani. Sasa wanasubiri moja. Mwaka 2015, mwisho wa Machi, kimbunga Maysak kiliwapitia kikang'oa mapaa na kuuchumvisha udongo wa majimbi, na ile moja ilisubiriwa zaidi.

Usikatae mchele na nyama ya kopo ukidai unataka chakula cha asili. Shelisheli lipo, majimbi yapo, samaki wapo, tembo la mnazi lipo na linaitwa tuba. Lakini mwenyeji aliyesubiri mchele wiki sita akikupikia huo mchele, amekupa kilicho ghali. Kula.

Na usimshangae kijana anayepanda meli na sanduku moja kubwa bila kuaga sana. Kwa mkataba wa nchi yake na Marekani, yeye huenda Guam, Hawaii au bara la Marekani kuishi na kufanya kazi bila viza. Mtapishana ngazini: wewe unashuka na uchovu wa miaka sita ya fomu ili upate kufika anakotoka, yeye anapanda bila fomu kwenda nchi uliyoipangia foleni. Salimianeni. Mwulize kama atarudi, halafu kabla hajajibu badilisha mazungumzo, mwulizie kuhusu samaki.

Kituo cha mwisho ni Satawal, kisiwa ambacho unaweza kukivuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Alizaliwa huko Mau Piailug, aliyekufa mwaka 2010. Mwaka 1976 alikipeleka chombo cha tanga kiitwacho Hōkūle‘a kutoka Hawaii hadi Tahiti bila dira wala ramani, kwa nyota, mawimbi na ndege, kisha akafanya jambo ambalo baadhi ya wazee wa kwao hawakulipenda: akawafundisha watu wa nje. Mtumbwi wa kule una tengo moja, na upepo ukitakiwa upande wa pili hawageuzi chombo, huhamisha tanga kutoka ncha moja hadi nyingine, omo likawa tezi. Ngalawa yetu ina matengo mawili, na wanaochunguza vyombo husema ujuzi huo tulipewa na mabaharia wa ukoo mmoja wa lugha na watu wa Satawal, wale waliofika hadi Bukini, yaani Madagaska, na kubaki. Kwa hiyo shangazi, kumbe, walikuwepo Pasifiki tangu zamani.

Kilichonifanya niipende Satawal kuliko pote ni hesabu yao ya safari, iitwayo etak. Nahodha wa kule akishatweka tanga huhesabu kwamba chombo chake kimetulia. Nyota ziko juu mahali pake, yeye yuko chini yake, na visiwa ndivyo vinavyosogea: kile alichokiacha kinarudi nyuma, cha pembeni kinapita chini ya nyota moja hadi nyingine, na anachokitaka kinamjia.

Tangu niisome hiyo sijaona tena haja ya kuitoa fomu kwenye droo. Saa nimenunua, mkeka ninao. Jioni hukaa barazani, uso kwa mashariki, na juzi Kilimia kilipochomoza nilikadiria kwamba Satawal imeshaikaribia Sumatra. Mama watoto akatoka, akaniuliza nangoja nini gizani. Nikamweleza: nangoja kisiwa, kiko njiani. Alifikiri kidogo, akaitazama bahari na mimi, akasema kikifika nihakikishe kimeshusha na mchele.